Aliyetutembeza Juu ya Mishale

Ukitaka kumjua mwalimu wetu, usianze na uso. Anza na viatu. Nadhani siku vilipotoka dukani vilikuwa vyeusi, lakini mimi nilivikuta vimeshakuwa vyeupe kwa vumbi la chaki mpaka kwenye kamba, na watu wa Kitale wasiomfahamu walidhani anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga. Alizaliwa wapi, ukoo gani, nani alimfundisha, hayo waulizwe wenye kumbukumbu zao. Mimi nilimkuta akiwa tayari mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja, naye amepiga magoti sakafuni anachora.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya themanini. Mchana nilikuwa karani wa ghala katika kampuni moja ya mbegu za mahindi, jioni nilikuwa mwanafunzi. Watu wa mtaa walitucheka tukipita na madaftari. "Ngumbaru wa kompyuta hao!" Wacha wacheke. Darasa letu lilikuwa ukumbi wa kukodi wenye sakafu nyekundu ya simenti, na katika chumba kidogo cha nyuma ilikaa kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama televisheni kwa watu wenye heshima zao. Kompyuta moja, wanafunzi kumi na tisa. Nilikuwa naweza kunyoa ndevu asubuhi, na zamu yangu ikifika zimenifika kifuani.

"Mashine ni moja," Mwalimu alisema siku ya kwanza, "rakini sakafu ni kubwa."

Alitoka upande wa Bungoma, na herufi za r na l zilibadilishana viti mdomoni mwake apendavyo yeye. Mimi nitamnyooshea maneno mengine humu, asije akanifuata na rula.

Alichotufundisha ni hiki. Kabla ya kuandika programu, mnaichora. Sanduku kwa kila kazi inayofanyika. Umbo la almasi kwa kila swali la ndiyo au hapana. Mishale ya kuonyesha kinachofuata. Vyuo vyote vilifundisha hivyo, hakuna la ajabu. Ajabu ilikuwa kwamba yeye aliuchora mchoro wote sakafuni kwa chaki na kamba ndefu, ukumbi mzima, halafu akatugeuza sisi kuwa vitu. Leo wewe ni barua, wewe ni gunia. Tembea. Ukifika kwenye almasi unasimama, unaulizwa swali, unajibu, unafuata mshale wa jibu lako mpaka utakapotokea.

Na kila safari aliiandika kwenye kadi yenye mistari mitatu: Umeingia na nini. Umepita wapi. Umetokea wapi. Kadi hizo ndizo zilizokuwa mtihani wa programu. Programu ikishaandikwa, tuliketi mbele ya mashine na kadi mkononi, tukaingiza kilichoandikwa juu na kungoja kuona kama kitatokea kilichoandikwa chini. Kikitokea, unaandika IMEPITA. Kisipotokea, rudi ukatafute ulipokosea.

"Usiniambie inafanya kazi," alikuwa akisema. "Niambie umepitia wapi."

Chaki aliyomaliza mtu yule ingetosha kuupaka Mlima Elgon ukaonekana una theluji mwaka mzima.

Tena hakujua kuacha kazi kazini. Kanisani kwao walimweka kwenye kamati ya harusi, kosa kubwa sana. Alikwenda kwenye mkutano na karatasi iliyokunjwa mara nane, akaitandaza juu ya meza, na harusi nzima ilikuwa hapo, kuanzia gari la bibi arusi mpaka keki. Kila mtu akasifu. Kisha akaweka kidole kwenye almasi ya katikati, pale mchungaji anapouliza kama unakubali.

"Hapa mishale ni miwili," akasema. "Ndiyo inaenda kwa pete. Hapana inaenda wapi?"

Wanakamati wakaiinamia karatasi.

"Hapana gani, Mwalimu?" akauliza shangazi mmoja.

"Bibi arusi akikataa. Ni nani amepangiwa kufanya nini? Chakula kinaenda wapi? Kwaya inaimba ama haiimbi?"

Shangazi watatu walisimama pamoja kama jeshi. "Wewe unaombea mtoto wetu mabaya?"

"Mimi siombei mtu. Nauliza mshale."

Walimtoa kwenye kamati chai ikiwa bado ina moto. Harusi ilifanyika vizuri, na mpaka kesho atakwambia ilifanyika kwa bahati.

Kompyuta yenyewe hakuipenda. Alipiga herufi kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa akiogopa kufukuzwa. Aliweza kutembea juu ya mchoro wa sanduku mia moja bila kuangalia chini, lakini mashine ikilia kidogo tu alirudi nyuma hatua mbili na kuuliza, "Imesema nini?" Alipenda usafi kupita kiasi katika mchoro, na koti lake lilikuwa na madoa ya chai ya tangu ukoloni. Hakuwahi kumwomba mtu msamaha. Angekukanyaga mguu kwa kile kiatu cheupe, angekuangalia kama vile mguu wako ndio uliokaa vibaya, akaendelea.

Na alikuwa na sheria moja iliyokuwa juu ya sheria zote: mishale haikatizani. Mshale ukipita juu ya mwenzake, alisema, mchoraji hajafikiri. Angefuta nusu ya sakafu na kuanza upya kwa ajili ya mistari miwili iliyogusana. Tulimheshimu kwa hilo. Michoro yake ilikuwa mizuri mpaka ukaona haya kuikanyaga.

Sasa nije kwa kazi ya mbegu.

Ile kampuni niliyokuwa karani ilinunua kompyuta, na kwa kuwa mtunza ghala mzee alikuwa anastaafu, wakataka programu ya kutoa karatasi za kuelekeza magunia. Kila shehena ina karatasi yake, na wapakizi hufuata karatasi. Karatasi ikisema STOO, gunia linaenda stoo. Ikisema POSHO, linaenda kwa wenye mashine za kusaga unga wa ugali. Mpakizi haulizi, ana gunia la kilo tisini mgongoni, atauliza saa ngapi? Kazi hiyo walipewa Mwalimu na darasa letu. Ikienda vizuri, yeye angekuwa mtu wa kampuni wa mambo yote ya kompyuta, na mimi ningehamishwa kutoka ghalani kwenda chumba cha mashine. Nilishanunua tai. Nilikuwa naivaa nyumbani nikinywa uji, ili shingo izoee.

Mambo ya mbegu ni rahisi kueleza. Mahindi yakitoka shambani hutandazwa machache kwenye kitambaa chenye maji ili kuona kama yanaota. Yanayoota vizuri hutiwa dawa ya wadudu, ile yenye rangi ya pinki, hufungwa na kuwekwa stoo. Yasiyoota hayatiwi dawa. Yanauzwa kama chakula, na ni chakula safi. Lakini magunia ya pinki yakilala stoo mpaka msimu mwingine, lazima yapimwe tena kabla ya kuuzwa, kwa sababu mbegu nayo huzeeka. Na kila mtu wa wilaya yetu ya Trans Nzoia anajua kwamba mahindi ya pinki hayaliwi. Kuku akiyadonoa, anageuza miguu juu.

Mwalimu alichora. Wiki tatu alichora. Tulitembea kama magunia mpaka nikaanza kujisikia mzito. Zikatoka kadi ishirini na tatu, na kila mshale sakafuni ulikuwa umekanyagwa angalau mara moja. Mimi ndiye niliyekaa kwenye mashine na kadi. IMEPITA. IMEPITA. Mara ishirini na tatu, kwa mwandiko wangu mzuri. Mwalimu akatia sahihi karatasi ya kampuni kwamba programu imepita majaribio yote. Ingeanza kazi Jumatatu.

Ijumaa jioni alitaka tutembee mara ya mwisho, kwa sherehe tu. Mvua ya Kitale ikanyesha, ile ya kupiga mabati kama inadai mtu atoke nje. Walikuja wanafunzi sita. Mwalimu akakosa mtu wa kuwa gunia la kutoka stoo.

Kulikuwa na mama aliyefagia ukumbi, Mama Ekai, anayeishi Kipsongo, mtaa wa mabanda. Jioni alifagia kwetu, na mchana, msimu ukiwepo, alikuwa kibarua wa kuchagua mbegu kwa kampuni ile ile. Alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, akingoja tumalize afute sakafu, na uso wake ulisema wazi kwamba miaka miwili ya kufuta chaki imemtosha.

"Mama," Mwalimu akamwita, "kuja hapa. Wewe ni gunia. Umelala stoo mwaka mzima. Tembea."

"Na ufagio?"

"Kuja nao."

Akaingia kwenye mchoro, ufagio kwapani, akifuata mshale kwa miguu yake mitupu, polepole. Mshale ulitoka stoo ukazunguka vizuri ukutani, bila kukatiza mwenzake, ukarudi kwenye almasi ya juu yenye swali moja: INAOTA?

"Hapo unaulizwa kama bado unaota," akasema Mwalimu.

"Aa, Mwalimu! Kwa huu uzee, niote nini tena?"

Tulicheka mpaka mvua ikanyamaza kutusikiliza. Mwalimu naye akatabasamu, jambo la mara moja kwa muhula. "Haya basi, fuata hapana."

Mama Ekai akafuata hapana. Mshale ulikuwa mfupi, ulionyooka, mzuri. Akafika kwenye sanduku la mwisho, akasimama, akaangalia miguu yake.

"Hapa ni wapi?"

"Posho."

"Posho ya watu?"

"Ya watu, ndiyo."

"Na mimi si niko pinki?"

Mvua ilirudi kazini.

Nikuelezee kilichotokea, maana hata mimi ilinichukua muda. Mwalimu, kwa kupenda uzuri, alitumia almasi moja kwa kipimo cha kwanza na kipimo cha pili. Angechora almasi mbili, mishale ingekatizana. Kwa hiyo gunia lililotiwa dawa likirudi kutoka stoo na kukutwa halioti, lilifuata mlango ule ule wa mahindi safi. Sisi tulikuwa tumekanyaga kila mshale: mmoja alitoka shambani akaambiwa hapana, mwingine alitoka stoo akaambiwa ndiyo. Ila hakuna aliyetoka stoo akaambiwa hapana. Nayo programu iliufuata mchoro kama mtoto mtiifu.

Mwalimu akasema, na ninamsamehe kwa sababu naye alikuwa mtu, "Mama, mchoro huu umeshapita. Chukua ufagio wako."

"Nachukua," akasema Mama Ekai. "Lakini hiyo posho ya kampuni ndio sisi tunakula huko Kipsongo. Si nyinyi. Ni sisi."

Akaanza kufagia kona ya mbali.

Mwalimu alibaki amesimama juu ya almasi. Alikuwa na kadi ishirini na tatu mkononi, akazigeuza moja moja, ya mwisho mpaka ya kwanza, halafu tena. "Zote zinasema imepita," akasema.

"Zimepita, Mwalimu," nikasema haraka. "Niliandika mwenyewe."

Nitakiri. Wakati huo nilikuwa nawaza tai. Nilitaka aseme tutarekebisha polepole baadaye, kwamba magunia ya namna hiyo ni machache, kwamba wapakizi wana macho. Yeye akapiga magoti. Akaufuta mshale wa stoo kwa mkono wa koti, akachora almasi ya pili, na kutoka hapo akavuta mshale mpaka sanduku jipya lililoandikwa SHIMO, la kuzikia. Ulipita juu ya mishale miwili. Aliuvuta hivyo hivyo. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kabla, wala baada ya hapo.

Kisha akatoa penseli nyekundu mfukoni na kuandika kadi ya ishirini na nne. Umeingia: gunia la pinki lisiloota. Umepita: stoo, almasi ya pili. Umetokea: shimo. Akanipa. Nikaenda kwenye mashine, nikaingiza, na printa ikalia krrr, krrr, ikatoa karatasi safi kabisa, tarehe, namba ya shehena, na chini yake neno POSHO.

"Imesema nini?" akauliza kutoka mlangoni.

Nikamwonyesha tu.

Asubuhi ya Jumamosi tulikwenda kwa meneja. Nilimwambia Mwalimu njiani, "Tuseme mashine imeharibika kidogo." Akaongeza mwendo. Meneja alitupokea kwa furaha, akaitisha chai, na Mwalimu akaikataa, nikajua mambo ni mabaya.

"Programu yako isianze Jumatatu," akasema. "Itatoa mahindi ya dawa kama chakula."

Meneja akaweka kikombe chini. "Lakini juzi umetia sahihi imepita majaribio yote."

"Imepita. Ilipimwa kwa mchoro wangu, na mchoro wangu ndio mbaya. Programu haina kosa. Kosa ni langu."

"Na umegunduaje?"

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Ningekuwa mimi, ningesema nimekesha nikifikiri. Yeye akasema, "Mama anayefagia ukumbi. Ni kibarua wenu hapo kwa kuchagua mbegu."

"Kwa hivyo mfagiaji amekushinda, Mwalimu?"

"Amenishinda."

Meneja alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Kazi ya kurekebisha alipewa mtu kutoka Nairobi, aliyekuja na mkoba wa ngozi na hakuchora hata msalaba. Mwalimu hakuitwa tena na kampuni ile. Mkuu wa chuo kilichokodi ule ukumbi alimwambia mbele yetu kwamba fundi mwenye akili huficha nyundo iliyomponyoka. Mimi nilibaki ghalani msimu mzima mwingine, na tai nilimpa kaka yangu kwa harusi. Watu wa Kipsongo waliendelea kusonga ugali wao bila kujua lolote, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa.

Mama Ekai hakushukuriwa kwa mdomo, mimi sikusikia. Lakini kuanzia Jumatatu ile, Mwalimu alifuta sakafu mwenyewe. Alipiga magoti na kitambaa na ndoo, mtu mzima yule, na Mama Ekai aliwekewa kiti mlangoni akakaa kama mgeni rasmi. "Hapo kona, Mwalimu," alikuwa akimwelekeza. "Umeruka." Na darasa likaongezewa sheria mpya iliyokaa juu ya ile ya mishale: mtembezi wa mwisho awe mtu atakayekula kinachotokea.

Miaka ikapita. Mimi nikahamia Bungoma, nikawa fundi wa programu mwenye kitambi, na isipokuwa ile ya mishale, sheria nyingine nikazisahau kama mtu anavyosahau majina ya wajomba. Mwalimu alikuwa amestaafu, amerudi kwao karibu na Chwele. Katikati ya miaka ya tisini nilipewa kazi na kliniki moja ya misheni, nipange kwa kompyuta jinsi wagonjwa watakavyopita madirisha. Nilichora mchoro mzuri mno. Hakuna mshale uliokatiza mwenzake. Nikasema, huu lazima mzee auone kabla sijafa kwa kujisifu.

Nilifika siku ya soko, nimebebwa na baiskeli ya bodaboda ambayo ilinirusha kila shimo mpaka nikaonana na ndege. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, amekonda, miwani ile ile, waya ule ule.

"Mulembe, Mwalimu."

"Mulembe, kijana." Nilikuwa na mvi. "Umebeba nini hapo?"

Nikamkunjulia karatasi. Aliipokea, akaiangalia kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ukingo. "Ni nzuri," akasema, kwa namna iliyonitia baridi. Akanielekeza jikoni nilete debe la jivu. Yeye aliamuru kutoka kigodani na mimi nikamwaga: uani pale, mbele ya kuku, nikauchora mchoro wangu wote kwa jivu, dirisha la kadi, dirisha la faili, chumba cha daktari.

"Mama Wafula!" akaita.

Mke wake akatoka jikoni na birika la chai. "Nini tena?"

"Wewe ni mgonjwa. Kadi umepoteza. Tembea."

Alikuwa ameolewa na mtu huyo miaka mingi. Hakushangaa hata kidogo. Akaja na birika lake mpaka dirisha la kadi.

"Una namba ya faili?" nikamsomea.

"Sina."

"Basi nenda dirisha la faili."

Akaenda. "Una kadi?" nikasoma.

"Si nimepoteza?"

"Basi nenda dirisha la..." Nikasita. "La kadi."

Akaenda. Nikamuuliza namba, akasema hana, akarudi kwa faili. Akaulizwa kadi. Akarudi tena. Mara ya nne alisimama katikati ya madirisha yangu mawili, akaweka birika chini.

"Baba Wafula, huyu mgonjwa wenu amekufa. Mnizike, chai inapoa."

Mwalimu aliinama mbele kwenye kigoda. Alipapasa mfuko wa shati, akatoa kipande cha penseli nyekundu kisichozidi urefu wa kidole cha mtoto, akaninyooshea. Nilipoinama kukipokea, niliona viatu vyangu vipya vya kazini vimekuwa vyeupe kwa jivu mpaka kwenye kamba.